Daraja la Miti Mifupi

Masisi, tarehe 12 Februari 2022

Papa mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini karatasi hii inakukuta mzima, kifua kimeacha kukusumbua, na ule ng'ombe mwekundu amekwisha kuzaa. Mimi sijambo. Ukungu wa Masisi unaujua, asubuhi unaingia mpaka ndani ya darasa, lakini maziwa ni mengi na maharagwe yapo, kwa hiyo upande wa tumbo sina la kulalamika.

Naandika kwa mkono kwa sababu tangu antena ya kwenu izimwe, kukupigia simu ni kupigia jiwe. Mama Kasoki, yule mfanyabiashara wa Butembo mwenye lori la Fuso la kijani, amekubali kubeba barua zetu kila anapopita upande wa Mweso. Ndiye aliyeniambia kwamba mvua ya Januari imebeba daraja lako, na kwamba wewe na watu wa salongo, ile kazi ya pamoja ya kila Jumamosi, mmekaa mkisubiri miti mirefu. Papa, miti mirefu iko wapi siku hizi?

Sasa nisikilize, na usikasirike kabla hujamaliza ukurasa. Unajua nafundisha ujenzi mwaka wa tano, wanafunzi kumi na tisa. Shule haina hata kipande cha chuma cha kupinda. Tuna kitabu kimoja, kina umri kunishinda. Nilikuwa naandika fomula ubaoni, wananakili, wanasahau. Mwezi wa kumi nikaweka mchezo kwenye simu yangu. Unaonyeshwa mto, unapewa miti ya urefu fulani, unaiunganisha, halafu lori linapita. Mti uliobebeshwa kupita nguvu zake unageuka mwekundu, kisha unakatika, na lori linaingia majini. Siku ya kwanza walizamisha malori thelathini. Walicheka mpaka wakachoka, ndipo Myriam, msichana wa benchi la nyuma ambaye tangu mwaka uanze hajafungua mdomo, akasimama akaniuliza: "Madame, juu ya nini mraba inalala, na pembe tatu inakatala kulala?"

Nimefundisha miaka minne nikisubiri mtu aniulize hiyo "kwa nini".

Préfet wetu, mkuu wa shule, amekataza. Alinikuta na simu tano mezani, akasema mbele ya wanafunzi kwamba masomo si mchezo. Nikamwambia ajaribu kwanza, kisha aseme. Hakujaribu, na mimi sikuacha.

Ombi langu ni hili: nipe upana wa mto. Wanafunzi wangu watachora daraja la miti mifupi, hii mikaratusi inayoota nyuma ya kila nyumba. Gogo refu halitahitajika hata moja.

Binti yako,
Emérita


Kalembe, tarehe 27 Februari 2022

Mwanangu Emérita,

Salamu zako zimefika, nami nakurudishia zangu na za majirani wote. Ng'ombe mwekundu amezaa dume. Kifua kimetulia. Hapa tuko hai, na kuwa hai Kalembe ni kazi ya kutwa.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili ndiyo imenikasirisha zaidi. Nimejenga madaraja kumi na moja kati ya Masisi na Walikale. Hakuna hata moja lililojengwa na simu. Mchezo ambao lori likizama unabonyeza na lori linarudi, huo unamfundisha mtu nini? Huku kwetu lori likizama tunakaa matanga.

Daraja ni magogo manne kutoka jiwe hadi jiwe, na mbao juu yake. Ndivyo alivyofanya baba yangu. Magogo yapo ng'ambo, kwenye msitu wa upande wa Walikale. Wenye bunduki waliokaa humo wanasema msitu ni wao, lakini sikumbuki kuwaona wakipanda hata mche mmoja. Nilikwenda kuwaambia hivyo. Magogo hayakutoka, lakini maneno niliyasema.

Kuhusu préfet wako umefanya vizuri. Mtu anayekataza kitu ambacho hajakionja, usimwogope. Ila mimi madaraja nimeyaonja, kwa hiyo mimi niogope.

Unataka upana. Mto umekula ukingo wetu, jiwe la zamani limekwenda na maji, na vipimo vya zamani havina kazi tena. Décamètre yangu, ule utepe wa kupimia, sina, usiulize. Tumevusha kamba, tukaikaza kutoka jiwe jipya hadi jiwe la ng'ambo, kisha nimeilaza njiani na kutembea kandokando yake. Ni hatua ishirini na sita. Hatua zangu unazijua.

Nakupa hesabu hiyo ili uone mwenyewe kwamba haiwezekani, uache kusumbua watoto wa watu.

Papa yako,
Nzabandora


Masisi, tarehe 20 Machi 2022

Papa,

Amani iwe kwako na kwa dume jipya. Sisi wazima, isipokuwa homa ndogo iliyopita darasani na kutuachia vikohozi.

Hatua zako nazijua kuliko jina langu. Nilipokuwa mdogo ukipima mashamba ya watu, mimi nilikuwa nakimbia nyuma yako nikihesabu, na hatua zako nne zilikuwa mita tatu, kila mara, mlimani na bondeni. Kwa hiyo mto una mita kumi na tisa na nusu. Nimeandika namba hiyo ubaoni kwa chaki nyekundu.

Nikubali kwamba imetushinda mpaka leo. Mchezo una sehemu ambapo unachagua mwenyewe upana wa mto, na tumeweka huo wako. Kwa miti ya mita mbili na nusu, kila tunachounganisha kinageuka chekundu katikati na kuanguka. Tukiongeza miti, uzito wa miti yenyewe ndio unaoangusha daraja, hata kabla lori halijagusa. Igiraneza alitaka nguzo katikati ya mto. Myriam akamwambia kwamba maji yaliyobeba daraja la mzee hayatashindwa na nguzo yake. Wanagombana hivyo saa mbili nzima, Papa, juu ya nguvu na uzito, watu ambao mwaka jana walikuwa wanalala katika somo hilo. Mimi nasimama pembeni, nafurahi mpaka naona haya.

Préfet ameniandikia demande d'explication. Anataka nieleze kwa maandishi, ndani ya saa arobaini na nane, kwa nini nacheza na wanafunzi wakati wa kazi. Nilimjibu mstari mmoja: wanafunzi kumi na tisa wameuliza maswali mia mbili na nne, nimeyaandika yote, nitamletea daftari akitaka. Hajalitaka.

Nimempa Mama Kasoki simu yangu ya zamani akuletee. Mchezo umo ndani, hauhitaji réseau ya antena. Kituo cha afya kina sola, watakuchajia. Cheza madaraja matatu ya kwanza, halafu ndipo unitukane.

Binti yako,
Emérita


Kalembe, tarehe 3 Aprili 2022

Mwanangu,

Nakusalimu wewe na hicho kikohozi chako; kunywa maziwa ya moto na siagi. Huku mvua ipo, mihogo ipo, sisi tupo.

Simu imefika. Daraja la kwanza nilivuka. La pili nilizamisha malori tisa, na usimwambie mtu. Nilikuwa nachezea nyuma ya nyumba, kwa siri, lakini lori likianguka hilo kopo lako la simu linapiga kelele, na Kanyamibwa akasikia. Sasa kila Jumamosi baada ya salongo wanaume wote wanakaa barazani kwangu kuangalia nani anazama. Kanyamibwa, ambaye kwa miaka thelathini hajawahi kukubaliana nami hata juu ya hali ya hewa, anasema mchezo una makosa. Amezama mara kumi na nne.

Daraja la tatu limevukwa na Murekatete. Huyo mama mjane ndiye anayetengeneza mapaa ya nusu ya kijiji hiki, baada ya mumewe kumwachia kazi. Alitazama kidogo akasema: "Hii si njo paa? Weka tu vile paa inakuwa." Akaweka miti mitano, lori likapita.

Basi, pembe tatu inasimama. Hilo silikatai. Lakini mchezo wako una mambo mawili ambayo haujui, na wewe mtoto wa fundi ulipaswa kuyaona. La kwanza, hauna ng'ombe. Lori linapita katikati ya daraja kwa adabu. Ng'ombe wa Dusabimana wakiingia darajani wanaogopa upande ambao maji yanakuja yakilia, wote thelathini wanajibana upande mmoja. La pili, kwenye mchezo miti inashikana kwa nukta tu, kama kwamba nukta haichoki. Mkaratusi mbichi ukiupigia msumari mwishoni unapasuka kabla hujashusha nyundo.

Kuhusu hatua ishirini na sita, usiniulize tena. Hatua zangu ni hatua zangu.

Papa yako,
Nzabandora


Masisi, tarehe 24 Aprili 2022

Papa,

Shikamoo. Leo sitauliza kwanza habari za ng'ombe wala za mvua. Nauliza habari za mguu wako.

Uliponikataza kuuliza juu ya hatua zako, nilimwomba Mama Kasoki aipime ile kamba mliyovusha mtoni. Unamjua, amepima vitenge tangu utoto, hata sentimita moja haimpiti. Alikuta umeitundika juu ya mlango, akaipima kwa mita yake ya dukani. Mita kumi na nne na sentimita arobaini, Papa. Si kumi na tisa na nusu.

Mwanzo nilifurahi. Nilikimbia darasani, nikafuta ile namba nyekundu, nikasema mzee amekosea kuhesabu, mto ni mdogo, tunaweza. Wanafunzi wakapiga makofi. Myriam peke yake hakupiga. Alikuwa anagawanya kwenye daftari lake, kumi na nne na arobaini kwa ishirini na sita. Akaja mbele akaniambia taratibu, ili wengine wasisikie: "Madame, papa yenu hakukosa kuhesabu. Hatua moja iko sentimita makumi tano na tano. Papa yenu iko mugonjwa."

Nilitoka nje nikasimama kwenye ukungu. Sikuweza kuendelea na somo siku hiyo.

Mama Kasoki nilimbana mpaka akasema. Kwamba tangu Februari unatembea na fimbo. Kwamba ulimwapisha asiniambie. Ulikwenda kuwaambia wenye bunduki maneno yako, na mimi nikacheka niliposoma, nikasema huyo ndiye baba yangu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, wewe mwenyewe ulitufundisha hivyo. Nimekasirika, Papa, nimekasirika na wao na nimekasirika na wewe, na sijui ni wapi nimekasirika zaidi.

Nimeomba ruhusa ya wiki moja. Nakuja.

Binti yako,
Emérita


Kalembe, tarehe 8 Mei 2022

Mwanangu Emérita,

Nakusalimu kwa upole wote ninaoweza. Usije. Hiyo ni amri, na kwa miaka yote hii sikukupa nyingi.

Usiniletee mambo ya asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa mkuu ni mimi na guu ni langu. Nilikwenda msituni na shoka na décamètre. Walikuwa watano, mdogo kuliko wote angeweza kuwa mjukuu wangu. Nikawaambia miti ile niliiona ikiwa michanga wao hawajazaliwa. Mmoja akageuza bunduki akanipiga goti kwa kitako chake. Décamètre wakachukua, sijui watapima nini. Nilirudi nikitambaa kwa mikono na goti moja, nikakuta sina la kukuandikia, kwa hiyo nikakuandikia lile neno nililowaambia. Lilikuwa la kweli. Sikukudanganya, nilikata tu kipande. Ule mto niliupima kwa miguu niliyokuwa nayo.

Sasa ujue lililo baya zaidi. Watu haohao wameshuka wamekaa kwenye kivuko cha chini, pale maji yanapofika kiunoni. Hakuna daraja, kwa hiyo kila mtu anapita kwao. Mama akitoka shambani na maharagwe, kopo moja ni lao. Maziwa, chupa moja ni yao. Mwezi uliopita walimkalisha pale mke wa jirani akiwa na uchungu wa kuzaa, mpaka mumewe alipokwenda kuleta mbuzi. Wametangaza kwamba atakayeshusha gogo mtoni bila ruhusa yao watamfuata nyumbani kwake. Daraja likisimama, kivuko kinakufa, na wao wanajua.

Nimekaa na goti langu nikiwaza, na nimeona kitu ambacho wewe na vitoto vyako hamkukiona. Gogo la mita kumi na tano huwezi kulificha. Watu ishirini wanalivuta, mlima mzima unasikia. Lakini mti wa mita mbili na nusu? Huo ni kuni. Ni nguzo ya zizi. Unalala chini ya kitanda cha mtu yeyote.

Nichoreeni daraja lenu. Kila mti uwe na namba yake, urefu wake na mahali pake. Mambo ya kuunganisha niachieni mimi: Mama Kasoki ana lori bovu Mweso, nitakata mabamba kwenye chuma chake, tutoboe, tutie boulons za kukaza kwa nati. Hakuna msumari hata mmoja.

Na mkumbuke ng'ombe.

Papa yako,
Nzabandora


Masisi, tarehe 29 Mei 2022

Papa mpendwa,

Salamu kwako, kwa goti lako, na kwa Murekatete, ambaye darasani kwangu sasa anaitwa Madame Ingénieur. Nimetii, sikuja. Ilinigharimu machozi, lakini nimetii.

Karatasi nne zilizofungwa ndani ya kitenge ni daraja. Mbavu mbili, moja kila upande. Kila ubavu una miti ishirini na mitatu: sita ya chini, mitano ya juu, kumi na miwili ya kusimama mshazari. Jumla arobaini na sita. Namba nimeziandika kubwa. Miti ya chini ndiyo inayovutwa, hiyo chagua isiyo na fundo, uigonge nyundo na kuisikiliza kama ulivyonifundisha.

Ng'ombe tuliwatafutia dawa. Mchezo hauna ng'ombe, basi wanafunzi wakapanga magari kumi madogo yamefuatana bila nafasi, wakatafuta ubavu mmoja unaoweza kubeba mzigo wote peke yake, kama kwamba wa pili haupo. Iliwachukua siku kumi na mbili. Aliyepata ni Igiraneza, na Myriam alimtafuta kosa siku mbili nzima bila kulipata.

Lakini ulisema nukta za mchezo hazichoki, na neno hilo lilinikaa. Tukatengeneza daraja dogo la matete, urefu wa meza mbili. Tukakosa mawe ya uzito uliolingana. Ndipo mzee Hakorimana, mwenye kutengeneza jibini karibu na shule, akatukopesha jibini zake, maana kila moja ni kilo mbili sawasawa. Alitupa sharti moja: zikianguka chini, tuzile na tumwombe radhi. Tukazitundika zote upande mmoja, upande wa ng'ombe wako. Kumi na nne zilikaa. Ya kumi na tano ilikata kifungo cha kamba, si tete. Tete hata moja halikukatika. Jibini tulikula, na radhi tukaomba.

Habari ya préfet. Aliona umati kwa mzee Hakorimana, akaniletea karatasi nisaini kwamba simu hazitaonekana tena katika somo langu. Sikusaini. Ameniondoa kwenye ratiba mpaka mwisho wa mwaka. Sasa kila mchana saa nane nafundishia kwenye kibanda cha jibini, kati ya harufu na nzi. Jana nilihesabu wanafunzi. Walikuwa ishirini na wanne. Watano ni wa darasa jingine, sikuwaita.

Gawa miti, Papa. Uniandikie ukimaliza.

Binti yako,
Emérita


Masisi, tarehe 3 Julai 2022

Papa,

Uko mzima? Mama Kasoki amepita mara mbili bila barua. Anasema wewe uko, lakini alipokuuliza kama una neno kwangu ulimwambia bado. Watu wanaotoka Mweso wanasema njia ya Kalembe ina wanaume wapya wenye bunduki.

Kama wameona ile miti, ichomeni wenyewe. Mimi nitachora nyingine. Baba mwingine sijui kuchora.

Nijibu hata mstari mmoja.

Emérita wako


Kalembe, tarehe 18 Julai 2022

Mwanangu Emérita,

Nakusalimu sana, na naomba unisamehe kimya. Sikutaka karatasi yoyote ipite njiani wakati miti iko nyumbani mwa watu. Mimi mzima. Goti halijapona na halitapona, tusidanganyane. Wote unaowajua wazima.

Daraja limesimama. Nimeanza na hilo ili uweze kusoma yanayofuata ukiwa umekaa.

Miti niligawa mwezi wa sita, nyumba arobaini na sita, kila nyumba mti mmoja. Kila mtu alikata wake kwenye mikaratusi yake, kwa kipimo chako, na mimi nikaugonga na kuusikiliza. Tisa nilikataa. Namba tulizichoma kwa chuma cha moto. Mabamba na boulons vilikuja ndani ya magunia ya chumvi ya Mama Kasoki. Mti wa saba alikuwa nao Murekatete, aliutundikia sufuria. Wengine waliweka yao zizini, wengine chini ya kitanda.

Jumamosi tarehe tisa tulitoka kwenda salongo kama kila Jumamosi, na mapanga na majembe. Nani ashangae watu wa salongo? Kila mtu alibeba mti wake begani. Tulikuwa juu kule penye mawe, kivuko kiko chini nyuma ya kona, na maji yanalia vya kutosha. Magogo mawili ya daraja la zamani bado yalikuwa yamelala mtoni, tukayafanya ngazi ya kutelezeshea mbavu. Tuliunga mbavu chini kwenye majani, Murekatete akisoma karatasi na mimi nikikaza. Saa nne asubuhi tukakosa mti wa thelathini na moja. Huo ulikuwa wa Kanyamibwa. Alikuwa ameuficha vizuri sana katikati ya kuni, hata mkewe akapikia maharagwe. Nilidhani nitampiga kwa fimbo yangu. Alikimbia mwenyewe, mzee yule, akakata mwingine, akarudi anahema, na kwa mara ya kwanza hakubishana. Ng'ombe sita wa Dusabimana, waliokuwa malishoni ng'ambo, wakavuta kamba kutoka huko, ubavu wa kwanza ukapita, halafu wa pili. Saa saba mbao za mwisho zilikuwa juu.

Unajua sisi mafundi wa hapa, siku daraja linapopokea mzigo wa kwanza, fundi hakai juu. Anashuka chini yake. Kama hesabu ni ya uongo, imwangukie yeye kwanza. Basi nikashuka, wakanisaidia kwa sababu ya goti, nikakaa juu ya jiwe, miguu majini. Tulikuwa tunasubiri Dusabimana arudishe ng'ombe wote kutoka malishoni, wawe mzigo wa kwanza.

Waliofika kabla ya ng'ombe ni wale wa kivuko. Walikuwa saba. Mkubwa wao alisimama ukingoni akauliza nani fundi, wakamwonyesha huku chini.

"Nani alikupa ruhusa ya hii kilalo?" akaniuliza, ndivyo wanavyoita daraja.

Nikamjibu: "Mimi sina kilalo. Niko na macho tu. Kila muti iko na mwenyewe, uliza wenyewe."

Akasema tuling'oe mara moja, au watalichoma pamoja na nyumba. Halafu nikasikia hatua moja juu ya kichwa changu. Ilikuwa Murekatete. Alitembea mpaka mti wa saba, akakaa juu yake, kitenge chake kikaning'inia mbele ya macho yangu. Akasema kwa sauti ya kawaida: "Huu njo wangu. Nitautoa kama mwenye wa nane ametoa wake." Wa nane akaja akakaa, akasema yeye anangoja wa tisa. Wakaja hivyo mmoja mmoja, mama na watoto mgongoni, wazee, Kanyamibwa na mti wake mbichi, kila mtu akitaja namba yake. Kwa sababu wengi waliogopa maji, walijibana upande mmoja, kama ng'ombe. Nilitaka kuwapigia kelele wasambae. Sikupiga. Ulisema ubavu mmoja unatosha.

Yule mkubwa alipiga risasi mbili hewani. Watu walishtuka wote pamoja na daraja likatikisika, vumbi la mbao likaniingia machoni. Hakuna aliyeshuka. Walisimama pale mpaka ng'ombe wa Dusabimana walipofika ukingo wa ng'ambo na kuanza kulia wakitaka kupita. Ndipo wakaondoka, labda waliona kwamba wakituua wote hapatabaki wa kuwalipa, na kivuko chao kiko hadi leo, wamekaa peke yao na maji yao. Kesho wanaweza kurudi na moto. Warudi. Karatasi zako nne tumezinakili mara sita, na mikaratusi inaota.

Mwambie Igiraneza hesabu yake haina kosa. Mwambie Myriam asante, yeye anajua ni ya nini. Préfet wako usimwambie kitu, aje avuke mwenyewe.

Madaraja yangu kumi na moja, mwanangu, nilikaa chini ya kila moja nikiomba Mungu kwa midomo yote miwili, maana hesabu ilikuwa yangu na nilijua ninavyokisia. Chini ya hili sikuomba. Niliangalia juu nikahesabu jozi za miguu ya watu, nikafika arobaini na sita, na sikuogopa, kwa sababu hesabu ilikuwa yako.

Papa yako,
Nzabandora